CRDB, NMB, Twiga au hatifungani? Hisa ya kununua, ya kushikilia na ya kuuza ukiwa Mwanza

"Hisa gani bei rahisi?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu wa hapa Mwanza anayeanza kufikiria Soko la Hisa la Dar es Salaam. Anafungua programu ya soko iitwayo Hisa Kiganjani kwenye simu, anaona CRDB iko chini, NMB iko juu mara kadhaa, TCC ya sigara nayo iko juu, basi anahitimisha kwamba CRDB ni ya watu wa kawaida na zile nyingine ni za wakubwa. Bei ya hisa moja haikwambii kama kitu ni rahisi au ghali, kwa sababu kila kampuni imegawanywa kwa idadi yake. CRDB ina hisa zaidi ya bilioni 2.6, NMB ina hisa milioni 500 tu. Ukiziweka bei zao bega kwa bega bila kujua hilo, umelinganisha debe na kisado.

Mimi hulinganisha kwa mambo mawili. La kwanza: kwa bei ya leo, milioni yangu moja inaniletea gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa) kiasi gani, na nyuma ya gawio hilo kuna faida kiasi gani? La pili: siku nikitaka kutoka, mnunuzi yupo? Hili la pili halisemwi sana kwenye semina za uwekezaji, lakini ndilo linalowakuta watu ada ya shule inapodaiwa Januari.

Benki mbili, mguu kwa mguu

Tuanze na hizi kwa sababu ndizo ambazo wengi wetu tayari tunazo. NMB iliingia sokoni Novemba 2008 baada ya kuuza hisa kwa umma kwa shilingi 600. CRDB ikafuata Juni 2009, bei ya kuanzia shilingi 150. Gawio kwa kila hisa, kwa shilingi, limekwenda hivi:

| Mwaka wa hesabu | CRDB | NMB |
|---|---|---|
| 2018 | 8 | 66 |
| 2019 | 17 | 96 |
| 2020 | 22 | 137 |
| 2021 | 36 | 193 |
| 2022 | 45 | 286 |
| 2023 | 50 | 361 |
| 2024 | 65 | 428.85 |

Ukiisoma haraka utasema NMB inalipa zaidi ya mara sita. Ndiyo, kwa hisa moja. Lakini wewe hununui hisa moja, unapeleka hela. Tuseme bei ya CRDB ni 1,000 na ya NMB ni 8,000. Hizi ni bei za mfano, nimezichagua ili hesabu iende vizuri, wewe weka za siku unayosoma. Milioni moja inakupa hisa 1,000 za CRDB, gawio shilingi 65,000. Milioni hiyohiyo inakupa hisa 125 za NMB, gawio kama 53,600. Serikali inakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye gawio la kampuni iliyoorodheshwa, kwa hiyo mkononi unabaki na 61,750 upande mmoja na takriban 50,900 upande wa pili. Kwa bei hizo, "hisa ya wakubwa" inalipa kidogo kuliko "hisa ya watu wa kawaida".

Kuna njia fupi ninayoitumia. Kwa hesabu za 2024, hisa moja ya NMB inalipa gawio sawa na hisa 6.6 za CRDB. Chukua bei ya NMB, igawanye kwa bei ya CRDB. Jibu likiwa chini ya 6.6, NMB ni nafuu kwa upande wa gawio. Likiwa juu, CRDB ndiyo nafuu. Kwa upande wa faida mpaka ni tofauti kidogo: NMB ilipata faida ya takriban bilioni 643 baada ya kodi mwaka 2024, CRDB takriban bilioni 551. Gawanya kwa idadi ya hisa, unapata kama shilingi 1,286 kwa hisa ya NMB na 211 kwa hisa ya CRDB, yaani uwiano wa 6.1 hivi. Kila hesabu za mwaka zikitoka, namba hizi mbili unazikokotoa upya, ni kazi ya dakika tano na kikokotoo cha simu.

Kwa nini basi watu wakubali kuilipia NMB zaidi? Rudi kwenye historia, tena rudi nyuma ya jedwali. Mwaka 2015 CRDB iliwaomba wanahisa wake waongeze mtaji na kuwauzia hisa mpya kwa shilingi 350. Baada ya hapo mikopo chechefu, ile ambayo wakopaji hawairejeshi kama walivyoahidi, ikaanza kuilemea, na faida ikaporomoka. Gawio la mwaka wa hesabu wa 2015 lilikuwa 17, la 2016 likawa 10, la 2017 likawa shilingi 5. Bei nayo ilishuka mpaka chini ya 100 mwaka 2019. Mtu aliyenunua kwa 350 alikuwa anaangalia zaidi ya theluthi mbili ya hela yake ikiwa imeyeyuka kwenye skrini. NMB nayo iliguswa, gawio lake lilishuka kutoka 104 hadi 64 kwa mwaka wa 2017, lakini haikufikia shimo la mwenzake. Anayeilipia NMB zaidi analipia kumbukumbu hiyo.

Sasa tazama kipande cha 2020 hadi 2024 peke yake. CRDB ilitoka 22 ikafika 65. NMB ilitoka 137 ikafika 428.85. Zote mbili zimezidisha gawio mara tatu hivi ndani ya miaka minne. Ubishi wote wa vijiweni kuhusu ipi "inakua" zaidi, kwenye kipindi hicho hauna nyama.

Tofauti iliyobaki ni ya kuuzika, na hapa naipa CRDB pointi. Umiliki wake umetawanyika: mfuko wa uwekezaji wa Denmark una karibu asilimia 21, mifuko ya hifadhi ya jamii ina sehemu yake, na nyingi zinazobaki ziko kwa maelfu ya watu wadogo. NMB theluthi moja iko kwa Arise, kampuni ya uwekezaji ya kigeni, na karibu theluthi nyingine iko kwa Serikali, na hao hawauzi asubuhi wakanunua jioni. Bei ya NMB iliwahi kuganda kwenye 2,340 kwa muda mrefu kabla ya kuanza kupanda. Siku hizi inauzika vizuri, lakini mwenye hisa chache anayetaka kuingia na kutoka kidogo kidogo atapata wepesi zaidi CRDB.

Hukumu yangu kwa mnunuzi mpya: acha uwiano uamue, na ukiwa karibu na mpaka, nunua CRDB kama unaweka laki mbili mbili, nunua NMB kama unaweka kwa mkupuo na huna mpango wa kuzigusa.

Kwa aliye nazo tayari, kuna mtego mmoja. Mzee aliyenunua NMB kwa 600 atakwambia anapata zaidi ya asilimia 71 kwa mwaka, kwa sababu 428.85 kwa 600 ndivyo inavyotoka. Hesabu yake ni sahihi na anastahili kujivunia. Ila haimsaidii kuamua ashikilie au auze. Ile 600 aliitoa 2008, haipo tena. Alicho nacho leo ni kitu cha 8,000 kinachomlipa 428.85, yaani asilimia 5 na ushee. Swali lake ni kama elfu nane hiyo ina mahali pengine pa kumfanyia kazi nzuri zaidi kwa umri wake na mahitaji yake. Vivyo hivyo kwa aliyenunua CRDB kwa 350: anapata karibu asilimia 19 kwa hela aliyotoa, lakini uamuzi wa leo unatumia bei ya leo.

Na kuuza? Kwa benki, mimi siuzi kwa sababu bei imeshuka. Nauza nikiona mambo mawili yanakuja pamoja: mikopo chechefu inapanda robo hadi robo na kuvuka asilimia 5, ambayo ndiyo kiwango Benki Kuu inachotaka benki zisizidi, halafu gawio linakatwa. Benki zote hutangaza hesabu zao kila robo mwaka, na mstari wa mikopo chechefu upo pale chini kwenye viashiria. Aliyekuwa anasoma mstari huo miaka ya 2016 na 2017 hakuhitaji kusubiri bei imwambie.

Twiga, bia na sigara

Twiga, kampuni ya saruji, ni mnyama mwingine kabisa. Kwa miaka minne ya hesabu mfululizo, 2020 hadi 2023, ililipa gawio la shilingi 390 kwa hisa, halipandi wala halishuki. Kwa bei ya mfano ya 4,000, hiyo ni asilimia 9.75 kabla ya kodi, karibu mara mbili ya NMB kwa bei tuliyoitumia. Mbona basi watu hawaikimbilii? Kwa sababu gawio lisilosogea, mfumuko wa bei ukiwa karibu asilimia 3 kwa mwaka, linaliwa taratibu. Anayenunua benki analipia ukuaji, anayenunua Twiga analipia hela ya mkononi. Pia karibu asilimia 69 ya kampuni iko kwa Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg. Mwenye wingi huo ndiye anayeamua gawio liwe kiasi gani, ninyi wengine mnasubiri tangazo.

Hapa kwetu kuna hoja nyingine ninayoisikia: daraja la Kigongo–Busisi limekamilika, reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka inajengwa, mji unapanda milima yote, kwa hiyo saruji ni dili. Ujenzi upo, kweli. Lakini simama saa moja kwenye duka la vifaa Nyegezi au Buzuruga uangalie mifuko inayoshushwa. Utaona majina ya viwanda vingi, na kwenye Soko la Hisa kuna Twiga na Tanga peke yake. Saruji ikiuzika Mwanza haina maana hela imeingia kwenye kampuni unayoweza kuinunua, na ile inayotoka Wazo Hill, kiwanda cha Twiga kule Dar es Salaam, inabeba nauli ndefu kabla haijafika kwetu.

Kosa la namna hiyo hutokea zaidi kwa bia. TBL ina kiwanda hapahapa Mwanza, malori tunapishana nayo, na kila mtu anajua baa zinajaa mwisho wa mwezi. Hivyo anayeanza anaona hisa ya TBL ni jambo la wazi. Hisa hiyo ilikaa kwenye 10,900 kwa miaka. TCC, ile ya sigara, ilikaa kwenye 17,000 kwa miaka vilevile. Wapo wanaoiita bei iliyotulia. Mimi naiita bei isiyo na watu. TCC asilimia 75 ni ya JTI, kampuni ya sigara ya kimataifa, TBL nayo sehemu kubwa iko ndani ya familia ya AB InBev, kampuni ya bia ya kimataifa, na zilizobaki zimeshikwa na watu na mifuko isiyouza. Bei haisogei kwa sababu hakuna biashara ya kuisogeza. Gawio unaweza kulipata, na kampuni zenyewe ni za miaka mingi, lakini ukiweka oda ya kuuza Jumatatu usimuahidi mtu hela Ijumaa.

Kama huna, usianzie hapo. Kama unazo ulizorithi au ulizonunua zamani, shikilia kwa ajili ya gawio, na siku akitokea mnunuzi mwenye bei inayoeleweka wakati na wewe una shida na hela, usimringie.

Waliokwama: Vodacom na benki ya walimu

Vodacom iliuza hisa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 kupitia soko la hisa. Watu wengi wadogo waliingia, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani, kwa sababu M-Pesa wanaijua. Kisha kampuni ikapata hasara kwenye mwaka uliokwisha Machi 2021 na tena ule uliokwisha Machi 2022, katikati yake tozo za miamala zikaingia Julai 2021, na bei ikakaa miaka mingi chini ya ile 850. Baadaye imerudi kwenye faida.

Nikikutana na mwenye hisa za Vodacom, jibu ni moja: "Nasubiri irudi mia nane hamsini nitoke." Sioni sababu ya kusubiri namba hiyo. Soko halijui ulinunua kwa ngapi. Jiulize hivi: kama hizo hisa leo zingekuwa hela taslimu mkononi mwako, ungenunua Vodacom kwa bei ya leo? Ukisema ndiyo, kwa kuwa faida imerudi na miamala ya simu haipungui, shikilia, na hata kuongeza unaweza. Ukisema hapana, unachokishikilia ni kinyongo.

Mwalimu Commercial Bank, iliyouza hisa kwa 500 mwaka 2015, ni hadithi inayofanana ila ngumu zaidi, maana ni benki ndogo na wanunuzi ni wachache. Mwalimu mwenye hisa zake mia kadhaa hana haja ya kuumiza kichwa: kuziuza kutamrudishia kidogo, kuzishika hakumgharimu kitu. Kuongeza nyingine kwa huruma ya jina, hapo sikubaliani.

Dhahabu na sangara havimo

Watu wa ziwa tungependa kununua tunachokijua, ila sokoni hakipo. African Barrick Gold, baadaye Acacia, iliyokuwa na Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, iliorodheshwa Dar es Salaam mwaka 2011, na mwaka 2019 Barrick ikanunua hisa zote na kuiondoa. Mgodi wa Geita ni wa AngloGold Ashanti, ambayo haiuzwi Dar. Viwanda vya minofu ya sangara vya hapa ni vya watu binafsi. Mtu akikupigia simu anauza "hisa za mgodi" wa Kanda ya Ziwa, mwambie akutajie jina la kampuni kwenye orodha ya soko. Hana.

Sina masikitiko na hilo. Kama kipato chako chote kinatoka ziwani, hisa za samaki zingekuumiza mara mbili kwa mwezi uleule.

Hatifungani na vipande, upande wa pili wa mizani

Hakuna kulinganisha hisa bila kuweka pembeni hatifungani za Serikali, yaani hela unayoikopesha Serikali kwa riba. Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuuza hatifungani za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka 2022 ikatoa zenye 12.56. Kiwango hubadilika, lakini hata tukichukua asilimia 12 kwa mfano, ni karibu mara mbili ya gawio la CRDB kwa bei yetu ya mfano. Riba inalipwa kila miezi sita, na mlango unaanzia milioni 1.

Kinachokosekana ni ukuaji. Hatifungani ya milioni 1 itakulipa 120,000 mwaka huu na 120,000 mwaka wa ishirini, wakati ambapo kilo ya sato haitakuwa bei ya leo. Benki iliyozidisha gawio mara tatu kwa miaka minne inaipita hatifungani haraka, ikiendelea hivyo. Neno "ikiendelea" ndilo unalolipia unaponunua hisa. Kwa jinsi ninavyoona, mwenye miaka thelathini na kitu achukue hatari hiyo, mwenye sabini asichukue yote.

Kuuza hatifungani kabla ya muda kunawezekana kupitia dalali, ila bei inategemea riba mpya zilizopo. Riba zikishuka, yako ya zamani inauzwa juu ya thamani yake. Zikipanda, unauza kwa punguzo. Wenye zile za 15.95 wamekaa vizuri na hawana haraka.

Vipande vya UTT AMIS, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, navipitia kwa kifupi: kwa hela unayoweza kuihitaji ndani ya miezi, Mfuko wa Ukwasi unafaa kuliko hisa yoyote niliyoitaja hapa. Unaingia kwa kidogo, unatoka ndani ya siku chache, hulipi dalali.

Dalali anakula pande zote

Kununua hisa kunakugharimu asilimia 2 na ushee ya thamani kwa oda ndogo, ukijumlisha dalali, soko, mamlaka na kodi ya ongezeko la thamani. Kuuza hivyohivyo. Ukinunua na kuuza umeshalipa karibu asilimia 5, na hilo ni gawio zima la mwaka la NMB kwa bei ya mfano. Kwa hiyo kijana anayenunua CRDB Januari, akahamia NMB Machi kwa sababu ya maneno ya kwenye WhatsApp, akarudi CRDB Mei kuwahi gawio, amefanya kazi ya bure na dalali amekula. Faida ya bei yenyewe haitozwi kodi kwa sisi wadogo, sheria imewasamehe wakazi wenye chini ya asilimia 25 ya kampuni. Kinachotuumiza ni kuhamahama.

Tena hilo la kuwahi gawio: kampuni hutangaza tarehe ya kufunga rejista ya wanahisa, na ukinunua ukachelewa gawio linakwenda kwa aliyekuuzia. Ukiwahi, unalipata, lakini mara nyingi bei hupungua rejista ikishafungwa. Hakuna hela ya bure pale.

Nani achukue ipi

Mama mmoja anayechukua dagaa Mwaloni Kirumba aliniuliza moja kwa moja: "Ngosha, nina milioni tano, nipeleke CRDB au NMB?" Nikamuuliza zimetoka wapi. Akasema ni mtaji wa mzunguko, kwa sasa kuna mbalamwezi, wavuvi hawaendi, hela imelala. "Mayu," nikamwambia, "hiyo siyo hela ya hisa." Giza likirudi baada ya wiki mbili atazihitaji zote, na atalipa dalali kuingia na kutoka bila kuona gawio. Hela ya mzunguko iende Mfuko wa Ukwasi. Ile faida anayoitoa kwenye biashara kila mwisho wa msimu, ambayo hataigusa miaka mitatu au zaidi, hiyo ndiyo inunue benki, kidogo kidogo, akifuata ule uwiano. Na asinunue kitu chochote kinachoganda kama TBL, kwa sababu biashara ya dagaa ina siku inadai hela leo.

Mwalimu wa Ilemela mwenye mshahara wa kila mwezi yuko tofauti. Hela yake inaingia bila kujali mwezi angani, kwa hiyo anaweza kubeba mtikisiko wa bei. Kwake ningeweka benki zote mbili na kipande cha Twiga ili asiwe na sekta moja peke yake. Wengi wana CRDB, NMB na benki ya walimu, wakadhani wametawanya hatari. Mikopo chechefu ikipanda nchini zinapigwa zote kwa pamoja, kama ilivyotokea 2017. Nimkataze kitu kimoja tu: asichukue mkopo wa mshahara kununua hisa. Mkopo unamgharimu karibu asilimia 15 kwa mwaka, gawio linamlipa 6.

Aliyestaafu ndiye mwenye kazi ngumu, kwa sababu anajadili kuuza. Tuseme ana hisa 1,000 za NMB tangu siku za 600. Kwa bei ya mfano zina thamani ya milioni 8, na zinamletea kama 407,400 kwa mwaka baada ya kodi, kwa mkupuo mmoja. Akiuza nusu anapata milioni 4, akitoa gharama zinabaki takriban milioni 3.9. Akinunua hatifungani ya asilimia 12 kwa thamani yake kamili, inamlipa 468,000 kwa mwaka, yaani 234,000 kila miezi sita. Hisa 500 zilizobaki zinamletea kama 203,700. Jumla yake imetoka laki nne ikafika laki sita na sabini, imegawanyika kwenye tarehe tatu za mwaka badala ya moja, na bado ana mguu mmoja kwenye ukuaji wa benki. Kama hatifungani inauzwa juu ya thamani yake, hesabu inapungua kidogo, ila haigeuki. Ningemshauri auze nusu hiyo baada ya gawio la mwaka kuingia kwenye akaunti, aweke bei ya chini anayoikubali kwenye oda yake, na kama haijapata mnunuzi wiki ya kwanza asiishushe, aiache wiki ya pili.